Nyangwe 1871: Wino uliotenganishwa na gazeti, na maswali yanayobaki kwa Wakongomani

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika sehemu ambayo leo ni teritware ya Kasongo, jimbo la Maniema. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamefika. Wengi wao walikuwa wamama waliovuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, vyungu, kuku, mawese, chumvi na mihogo. Wanaume watatu wenye bunduki waliingia sokoni, mmoja wao akaanza kugombana na muuzaji juu ya kuku. Muda mfupi baadaye risasi zilipigwa katikati ya watu. Kundi lingine la wenye bunduki, lililokuwa karibu na kijito ambako mitumbwi ilifungwa, likawafyatulia wamama waliokimbilia majini. Mitumbwi ilijaa na kuzuiana, na watu wengi wakachukuliwa na maji wakijaribu kuogelea kwenda kisiwani.

Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Hesabu hiyo haina vijiji vya ng'ambo ya mto vilivyochomwa moto siku hiyohiyo.

Habari hii inajulikana kwa sababu mtu mmoja mwenye kalamu alikuwa pale: David Livingstone, Mskoti aliyefika Nyangwe mwishoni mwa Machi mwaka huo akitafuta chanzo cha mto Nili. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba kwa karibu miaka 140 dunia haikusoma alichoandika Nyangwe siku zile. Ilisoma nakala iliyoandikwa baadaye na kusafishwa. Kurasa zenyewe za Nyangwe zilikuwapo Uskoti, lakini hazikusomeka mpaka kompyuta ilipofundishwa kutenganisha wino wa mbele na maandishi ya nyuma.

Wino wa mmea juu ya gazeti la London

Kufikia mwaka 1871 Livingstone alikuwa amekwama. Karatasi zilimwishia, wino ulimwishia, na miguu yenye vidonda ilikuwa imemweka miezi mingi Bambarre, yaani Kabambare ya leo, kabla ya kuweza kuendelea mpaka Nyangwe. Ndipo akachukua kurasa za gazeti la The Standard la London, toleo la tarehe 24 Novemba 1869, akalikata, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatisha mistari yake juu ya mistari ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa rangi ya mmea iliyotumika kutia rangi nguo, akaiita Zingifure. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo hapa, maana kamusi zetu zina neno zingefuri, rangi nyekundu, na mzingefuri ni mti ambao mbegu zake hutoa rangi hiyo.

Rangi ya mmea haidumu kama wino wa kiwandani. Miaka ilivyopita ilififia, karatasi ya gazeti ikageuka kuwa ya kahawia, na wino wa upande mmoja ukapenya mpaka upande wa pili. Kilichobaki kwa jicho ni maandishi meusi ya gazeti, na juu yake mikwaruzo hafifu inayopita huku na huku.

Kwa lugha ya wataalamu wa picha, hili ni tatizo la kutenganisha kilicho mbele na kilicho nyuma. Kompyuta haioni herufi wala karatasi. Picha ya dijitali kwake ni jedwali la nukta ndogo zinazoitwa pikseli, na kila pikseli ni namba. Katika picha isiyo na rangi namba hizo kwa kawaida huanzia 0, nyeusi kabisa, mpaka 255, nyeupe kabisa. Njia rahisi ni kuweka kizingiti: kilicho chini ya namba fulani kinahesabiwa kuwa wino, kilicho juu yake kinahesabiwa kuwa karatasi. Mwaka 1979 Mjapani Nobuyuki Otsu alichapisha njia ya kuifanya kompyuta ichague kizingiti hicho yenyewe, kwa kutafuta namba inayogawa pikseli zote katika makundi mawili yaliyo mbalimbali zaidi. Njia yake inatumika mpaka leo.

Yeyote aliyewahi kupiga kadi ya mchaguzi au cheti cha shule kwa simu, kisha akageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ili aitume, amekwisha kuona kazi hiyo na udhaifu wake. Karatasi ikiwa safi na mwanga ukiwa sawa, maandishi yanatoka vizuri. Kivuli cha mkono kikianguka pembeni, pembe yote inageuka doa jeusi, kwa sababu kivuli nacho kimeshuka chini ya kizingiti. Programu nzuri huweka kizingiti tofauti kwa kila sehemu ya picha, ndiyo maana baadhi ya simu zinasoma karatasi chafu vizuri kuliko nyingine.

Kwa kurasa za Nyangwe hata ujanja huo hautoshi. Ukiweka kizingiti cha chini, unabaki na gazeti peke yake, kwa sababu ndilo jeusi zaidi. Ukikipandisha ili umpate Livingstone, gazeti linakuja pamoja naye, na madoa ya karatasi yanafuata. Namba moja kwa kila pikseli haiwezi kusema wino huu ni wa nani.

Taa nyingi kwa ukurasa mmoja

Suluhisho lilikuwa kuongeza namba. Kundi la watafiti lililoongozwa na mwalimu wa fasihi Adrian Wisnicki, pamoja na wataalamu wa picha kama Roger Easton wa Rochester Institute of Technology na Keith Knox, lilipiga picha za kila ukurasa mara nyingi bila kuusogeza, kila mara chini ya mwanga wa aina moja: urujuanimno ambao jicho halioni, kisha buluu, kijani, nyekundu, mpaka infraredi, ambayo nayo jicho halioni. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi ya namna hiyo juu ya kitabu cha kale cha ngozi chenye maandishi ya Archimedes, ambayo yalikuwa yamefutwa na kuandikwa juu yake sala.

Wino wa gazeti umetengenezwa kwa masizi, na masizi ni meusi chini ya mwanga wowote. Rangi ya mmea sivyo ilivyo. Chini ya buluu na urujuanimno inaonekana nyeusi. Mwanga unavyosogea upande wa nyekundu inafifia. Kwenye infraredi inapotea kabisa. Kwa hiyo picha ya infraredi inaonyesha gazeti peke yake, kana kwamba Livingstone hakuligusa, na picha ya buluu inaonyesha vyote viwili. Kompyuta ikilinganisha picha hizo pikseli kwa pikseli, palipo peusi katika zote mbili ni gazeti, na palipo peusi kwenye buluu lakini peupe kwenye infraredi ni mkono wa Livingstone. Baada ya hapo gazeti linaweza kufifishwa na mwandiko ukapewa rangi ya kuuonyesha.

Kazi haikuwa safi kama inavyosikika. Pale mstari wa Livingstone unapopita juu ya herufi ya gazeti, masizi yanafunika yote. Wino uliopenya kutoka upande wa pili una tabia ileile ya wino wa upande huu, kwa hiyo mwanga hauwezi kuutofautisha kirahisi. Hapo ilibidi watu wakae na kusoma, herufi kwa herufi, wakikisia kwa maana ya sentensi. Kompyuta ilifungua mlango, lakini wasomaji ndio waliopita.

Barua moja ya tarehe 5 Februari 1871 aliyoiandika Livingstone kutoka Bambarre ilitangulia kusomwa kwa njia hii, na matokeo yake yalitangazwa Julai 2010. Kwa hiyo kabla ya Nyangwe ni Kabambare iliyofungua njia. Kurasa za Nyangwe zilitolewa kwa umma tarehe 1 Novemba 2011.

Kilichojitokeza

Habari ya soko la Nyangwe ilipita katika mikono mitatu. Kwanza ni kurasa za gazeti, zilizoandikwa papo hapo mwaka 1871. Pili ni kitabu kikubwa cha kumbukumbu ambacho Livingstone alinakili ndani yake maandishi yake ya safari alipopata karatasi na utulivu. Tatu ni kitabu kilichotolewa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, na rafiki yake Horace Waller. Dunia ilisoma hicho cha tatu. Walimu, mapadri, wanasiasa na wanahistoria walijenga juu yake.

Kulinganisha mikono hiyo mitatu kumeonyesha kwamba nakala si sawa na asili. Tofauti inayogusa zaidi inahusu watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Alikuwa na kundi la watumwa waliotumwa kwake kutoka pwani, mali ya wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar, ambao aliwaita watumwa wa Mabanyani. Katika kurasa za 1871 anawalalamikia kwa ukali na kueleza ujeuri wao. Katika nakala za baadaye maneno hayo yamepunguzwa makali. Wisnicki na wenzake wakauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa sauti: je, inawezekana baadhi ya watu hao nao walishiriki katika mauaji? Hawakusema imethibitishwa. Walisema kurasa zinaruhusu swali hilo, na kwamba mtu aliyezirekebisha baadaye alikuwa na sababu ya kutopenda liulizwe.

Swali hilo ni zito kwa sababu ya kazi iliyofanywa na habari hii. Stanley alipoondoka kwa Livingstone mwaka 1872 alibeba barua zake mpaka London. Habari za Nyangwe zilichafua roho za Waingereza, Sir Bartle Frere akatumwa Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Hilo lilikuwa jambo jema, hakuna wa kubisha. Lakini hadithi ileile ilitumika tena kwa kazi nyingine. Miaka ishirini baadaye jeshi la Leopold wa Pili, chini ya Dhanis, liliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili, na vita hivyo vikauzwa Ulaya kama vita vya kuwakomboa Waafrika kutoka kwa Mwarabu. Katika bustani ya Cinquantenaire, Brussels, bado limesimama mnara wa mwaka 1921 unaomsifu askari Mbelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Yaliyofuata kwa Mkongomani, mpira na mikono iliyokatwa, hayakuchorwa hapo.

Katika picha iliyojengwa namna hiyo, Mzungu yuko mbele, Mwarabu yuko mbele kama adui, na wamama wa soko ni mandhari ya nyuma. Hata leo, katika jimbo linalojulikana kwa Waislamu wake wengi na ambako Kiswahili chetu kilishika mizizi kupitia miji hiyohiyo ya Nyangwe na Kasongo, hadithi ya 1871 ikisimuliwa vibaya inaweza kugeuka fimbo ya kumpiga jirani. Kurasa zilizosomwa upya zinafanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Zinaonyesha wenye bunduki wa Tagamoyo, zinaonyesha mfanyabiashara Dugumbe akimzuia Livingstone asiwapige risasi wauaji ili asiingie katika kisasi cha damu, zinaonyesha Mwingereza anayeishi kwa chakula na ulinzi wa watu haohao anaowalaani, na zinaweka shaka juu ya kambi yake mwenyewe. Hakuna upande unaotoka na mikono meupe.

Wauaji wana majina. Wenye masoko wana majina, na mwandishi ana mnara mpaka Zambia. Wamama wa Nyangwe hawana jina hata moja katika kurasa hizo. Kwa hilo taa ya infraredi haina msaada, maana hayakuandikwa.

Picha za vita vya leo

Kazi iliyohitaji wataalamu wa Edinburgh na Rochester sasa iko ndani ya simu. Kidole kimoja kinakata mtu kutoka kwenye picha na kumweka mbele ya mandhari nyingine. Vijana wa Kindu na Kasongo wanaitumia kwa picha za harusi na za biashara, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale picha ya maiti kutoka nchi nyingine inapopewa jina la Goma au Salamabila, au pale kiongozi anapobandikwa mahali ambapo hakufika. Baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, simu za mashariki zilijaa picha ambazo aliyezituma hakuweza kusema zilipigwa wapi.

Hapa mambo yanageuka. Katika kurasa za Nyangwe, nyuma palikuwa uchafu wa kuondolewa. Katika picha ya uhalifu, nyuma mara nyingi ndiyo shahidi. Mlima, minara ya msikiti, kibao cha shule, mkondo wa mto, urefu wa kivuli: hivyo ndivyo vinavyosema picha ilipigwa wapi na saa ngapi. Mwaka 2018 waandishi wa BBC Africa Eye walitambua mahali ambapo askari wa Kameruni waliwaua wanawake wawili na watoto wao kwa kufuata mstari wa milima iliyoonekana nyuma ya video. Mwezi Septemba mwaka huohuo, hapa kwetu, mahakama ya kijeshi Kivu Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR, na kati ya ushahidi uliotolewa zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi mahali na saa bila kuruhusu picha kuguswa. Mtu anayekata uso wa mhanga na kuuweka juu ya rangi nyeusi yenye mishumaa, hata kwa nia ya kuomboleza, anatupa kile ambacho hakimu angekihitaji. Afadhali amwombolezee kwa nakala, na ile ya kwanza abaki nayo kama ilivyopigwa.

Tangu mwaka 2022 RDC ina sheria ya kulinda na kufidia wahanga, na FONAREV iliundwa kwa kazi hiyo. Tarehe 2 Agosti taifa linakumbuka wahanga wa Genocost. Kazi hiyo inahusu hasa vita vya kuanzia miaka ya 1990, na hakuna wa kulaumu, maana waliobaki hai wanasubiri. Lakini kumbukumbu ya Maniema haikuanza 1996. Ukurasa ulioandikwa mwezi uleule wa mauaji, ukitaja tarehe, soko, mto na namna watu walivyokufa, ni kitu ambacho miji michache ya nchi hii inacho kwa karne ya 19.

Nani anazo picha

Karatasi zenyewe ziko Uskoti. Picha zake, pamoja na maandishi yaliyosomwa, zimewekwa wazi kwenye intaneti na mradi wa Livingstone Online bila malipo. Ni hatua kubwa kuliko ile ya Februari 2022, wakati Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kinshasa orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren: orodha, vitu vyenyewe vikibaki kule. Inapita pia mvutano wa sasa juu ya hifadhi za jiolojia za Tervuren, ambazo kampuni ya Marekani KoBold Metals ilizitaja katika makubaliano yake na RDC mwezi Julai 2025, na ambazo makumbusho ya Tervuren hayakutaka kuzifungulia kampuni binafsi. Ramani za madini zina mawaziri wa kuzigombania.

Kurasa za Nyangwe hazihitaji waziri, kwa sababu ziko wazi tayari. Lakini zimefunguliwa kwa Kiingereza, katika mafaili mazito ambayo kifurushi cha megabaiti cha mwanafunzi wa Kasongo kitaisha kabla ukurasa wa pili haujashuka. Wenye kutafsiri tunao. Vyuo vikuu vya Kindu, Bukavu na Lubumbashi vina walimu wa historia wanaojua Kiingereza na Kiswahili, na kurasa za Julai 1871 si nyingi kiasi cha kumshinda mwalimu mmoja na wanafunzi wake kwa muhula mmoja. Zikichapwa kwenye karatasi, upande mmoja picha na upande wa pili tafsiri, zinaweza kufika Nyangwe bila intaneti, kwa pikipiki kutoka Kasongo, zikasomwa kwa sauti siku ya soko.